Twita kugeuzwa waya si lazima ikuwe kosa: tuongee kuhusu fazi na polarite ya bafle

Hapa Goma, uende Birere uende Majengo, ukipelekea fundi bafle (boksi la spika) yenye inalia vibaya, mara nyingi anaifungua nyuma, anafuata waya, na akikuta waya mwekundu wa twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) umeingia ku alama ya hasi anasema "hii walifunga mubaya", anaurudisha vile yeye anaona ni sawa, anafunga bafle. Mwenyewe anarudi kanisani, korali inaanza kuimba, sauti za mama zimekuwa nyembamba, maneno hayasikiki vizuri, halafu anaambiwa twita imezeeka anunue ingine. Hii kitu inaniuma kweli, juu bafle nzuri zinaharibiwa kila wiki na watu wenye mikono mizuri, wanakosea paka kwa sababu ya dhana zenye tulipeana bila mtu kuzipima.

"Polarite na fazi ni kitu kimoja"

Hapana. Polarite ni swali la ndiyo au hapana tu: chanya na hasi zimebadilishana nafasi ama hazijabadilishana. Ukizigeuza, wimbi lote linapinduka, frekansi zote (sauti nene na nyembamba) kwa mara moja, na hakuna muda hata kidogo wenye umepita. Fazi yenyewe ni fasi wimbi limefika ndani ya mzunguko wake, inaendana na muda, na inabadilika kufuatana na frekansi. Chukua twita uicheleweshe milisekunde 0.5 nyuma ya wufa (spika kubwa ya sauti nene): ku Hz 1000, yaani mizunguko 1000 kwa sekunde, hiyo ni nusu ya mzunguko, digrii 180, ku Hz 2000 ni mzunguko mzima, digrii 360, yaani wimbi lake limekuta lile la wufa tena, na ku Hz 100 ni digrii 18 tu, karibu hakuna kitu. Kuchelewa ni kule kule lakini matokeo ni matatu tofauti. Kwa hiyo kile kitufe cha Ø ku miksa chenye tunaita "fazi" kinageuza polarite, basi, hakisogezi muda wowote, na hakiwezi kutengeneza shida yenye imeletwa na muda.

"Twita ikigeuzwa, ni kiwanda kilikosea"

Hii njo kubwa, na njo yenye inaharibu bafle nyingi kuliko zote.

Krosova, ile sakiti ndani ya bafle yenye inagawa sauti, nene kwa wufa na nyembamba kwa twita, haikati sauti tu, inazungusha fazi pia. Kondansateri yenye iko mbele ya twita inasukuma fazi upande mmoja, bobini yenye iko mbele ya wufa inaivuta upande mwingine, na kadiri unaongeza vipande ndivyo zinazidi kuachana. Filtri (kile kipande cha krosova chenye kinakata) ya dB 6 kwa oktavu, yaani sauti inapungua desibeli 6 kila frekansi ikizidishwa ama ikigawanywa kwa mbili, inaacha wufa na twita zikiwa na tofauti ya digrii 90. Ya dB 12 inaacha 180, ya dB 18 inaacha 270, ya dB 24 inaacha 360. Sasa angalia ile ya dB 12: digrii 180, na haiko pale pa kukatia tu, tofauti hiyo inabaki ku frekansi zote. Pale pa kukatia wufa na twita zinalia kwa nguvu sawa, na kama polarite zao ni moja basi moja inasukuma hewa wakati ingine inaivuta, sawa watu wawili wanasukuma mlango mmoja, huyu ndani huyu inje, mlango hauendi fasi yoyote. Sauti inazimika. Kama krosova inakata ku Hz 2500, shimo linakuwa hapo, na hapo njo konsonanti nyingi zinakaa, zile sh na t na k zenye zinafanya neno lisikike. Mwenye alichora bafle aliliona hilo akageuza waya wa twita kwa makusudi ili zisukume pamoja. Fundi "akirekebisha", anarudisha shimo.

Kuna watu wanafikiri dB 24 ilipendwa juu inakata kwa ukali tu. Siegfried Linkwitz na Russ Riley walikuwa mainjinia wa Hewlett-Packard kule Marekani, na mwaka 1976 Linkwitz alitoa makala yenye ilifanya mainjinia wa bafle waangalie swali hili lote upya. Ku krosova yao ya dB 24, kila upande uko chini dB 6 pale pa kukatia, na tofauti ni digrii 360, maana yake ziko pamoja, ukizijumlisha unapata mstari ulionyooka bila kugeuza waya wowote. Ndiyo maana leo prosesa nyingi za sono (mashini za kugawa na kupanga sauti) zina hiyo Linkwitz-Riley ndani.

"Basi kanuni ni rahisi: dB 12 unageuza, dB 24 haugeuzi"

Nusu kweli, na ni nusu yenye inadanganya sana juu inakuja na hesabu. Zile digrii zinahusu sauti yenye inatoka hewani, haziko za vipande vyenye unaona ku sahani ya krosova. Twita yenyewe inashuka chini ya rezonansi yake (frekansi yenye inatetemeka kwa urahisi yenyewe), karibu dB 12 kwa oktavu, hata bila filtri. Ukiweka kondansateri moja tu, dB 6, na umekata karibu na rezonansi hiyo, hewani unaweza kupata kitu kama dB 18. Kwa kuhesabu vipande ungesema ni 90, kumbe haiko.

Halafu kuna kina. Wufa ina koni, koili yake (waya wa kuzungushwa wenye unasukuma koni) imekaa nyuma, twita iko mbele karibu na ubao, na wote tunazifunga ku ubao mmoja wima. Tuseme sauti ya wufa inaanzia sentimita 2.5 nyuma ya twita. Ku Hz 3000 wimbi lina urefu wa sentimita 11 na nusu hivi, kwa hiyo hizo sentimita 2.5 peke yake ni karibu digrii 80! Ku Hz 100, zile zile, hazifiki digrii 3. Ndiyo maana kwa wufa na twita kila sentimita inahesabika, na kwa sabu (bafle ya bezi) unahesabu mita: sabu ikikaa mita 1.7 mbele ama nyuma ya bafle za juu, ku Hz 100 umeshapata digrii 180, bezi inapotea mbele ya watu wenye wamelipa sale ya arusi, na kila mtu analaumu amplifaya.

Kwa hiyo unajuaje? Unapima, na haihitaji pesa mingi. Toa bafle moja inje ku parseli, mbali na kuta, juu ndani ya nyumba ukuta unarudisha sauti na kipimo kinadanganya. Weka simu yenye programu ya kupima sauti, ama mikro ya vipimo na kompyuta yenye programu REW, yenye ni ya bure, umbali wa mita mbili, kwa urefu wa masikio ya msikilizaji. Piga toni ya frekansi ile ya kukatia, kwa sauti ndogo, juu toni ya kudumu inaunguza twita haraka. Andika namba. Geuza waya za twita tu. Piga tena bila kusogeza kitu. Kama upande mmoja sauti iko na nguvu na mwingine inaanguka shimoni, dB 20 ama zaidi, bafle yako ina fazi nzuri na ule upande wa nguvu njo wako, hata kama rangi za waya zinasema vingine. Kama pande zote mbili zinakaribiana, wufa na twita ziko karibu digrii 90, na hapo kugeuza hakutakusaidia, ni krosova yenyewe ama muda njo unahitaji kuguswa. Simu haihitaji kuwa ya bei kali hapa, juu unalinganisha namba mbili za simu ile ile ku frekansi moja.

"Shimo likitokea, pandisha na ekwalaiza"

Haijai. Ekwalaiza inaongeza ama inapunguza tu nguvu ya frekansi fulani. Ukiongeza dB 10 umewapa wote wawili dB 10, wufa na twita, wanaendelea kuuana vile vile, tofauti ni kwamba sasa koili zinapokea nguvu ya umeme mara kumi.

"Goma iko juu sana, sauti inatembea polepole, kwa hiyo hesabu za vitabu hazitufai"

Nimesikia hii kwa watu wenye akili kabisa na naelewa inatoka wapi, juu tuko karibu mita 1,500 na hewa ni nyepesi kweli. Lakini mwendo wa sauti unafuata joto, haufuati urefu wa mlima. Ku digrii 20 ni mita 343 kwa sekunde, hapa na kule Moanda ku bahari, kama joto ni moja. Tumia hesabu hizo bila wasiwasi.

"Bafle ni bafle, hata ukiilalisha"

Ku kanisa nyingi bafle zinalalishwa juu ya ukuta mdogo kwa sababu zinakaa vizuri. Shida ni kwamba fazi yenye ulipima ni ya mtu mwenye yuko mbele kabisa. Wufa na twita zikiachana sentimita 20 na krosova ikikata ku Hz 2000, mtu mwenye yuko digrii 25 pembeni ku mstari wa hizo mbili anapata tofauti ya nusu wimbi, yaani shimo. Bafle ikisimama, shimo hilo linaenda darini na sakafuni, fasi hakuna mtu. Ikilala, linaangukia ku mabenchi ya kushoto na ya kulia.

"Nilipima na betri, zote ziko sawa"

Betri ya volti 1.5 ni nzuri kwa wufa: ukigusa chanya ku nyekundu, koni inatoka mbele, ingawa JBL nyingi za zamani za sono zilikuwa zinaenda kinyume, kwa hiyo usichanganye wufa ya zamani na mpya bila kuangalia. Lakini ukigusa betri ku soketi ya nyuma ya bafle, kondansateri ya twita inazuia mkondo huo, twita haijajibu kitu, umepima wufa tu. Na hata ukifika moja kwa moja ku waya za twita, mwendo wake ni mdogo sana kwa macho, na betri ya volti 9 inaweza kuiua. Kwa twita rudi ku ile toni.