Pembetatu mraba: kutoka pande mbili hadi pembe

Saini, kosaini na tanjenti huchukua pembe na kutoa uwiano wa pande. Hapa tunarudi njia ileile kinyumenyume: uwiano tunao, pembe ndiyo tunayoitafuta. Kazi hiyo ni ya sin⁻¹, cos⁻¹ na tan⁻¹.

Tuseme pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba ni sm 5 na sm 8, na A ni pembe inayoutazama upande wa 5. Upande mkabala na A ni 5, upande wa jirani ni 8, kwa hiyo uwiano unaofaa ni tanjenti: A = tan⁻¹(5 ÷ 8) = 32.01°. Pembe ya pili ni 90° − 32.01° = 57.99°. Hipotenusi, yaani upande unaotazamana na pembe mraba, ni kipeuo cha pili cha 25 + 64, yaani √89, karibu sm 9.43.

Ningeweza kutafuta hipotenusi kwanza, lakini sishauri. Ukiikata ikawa 9.4, sin⁻¹(5 ÷ 9.4) inakupa 32.13° na cos⁻¹(8 ÷ 9.4) inakupa 31.67°: pembe ileile, majibu mawili, na yote mawili si sahihi. Tumia vipimo ulivyopewa, ukadirie mwishoni kabisa.

Kikokotoo kikitoa 0.5586 badala ya 32.01, kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe badala ya nyuzi. Kikitoa 35.56, kiko kwenye gradi, nacho ni kipimo kingine. Kikikataa kabisa kwenye sin⁻¹ au cos⁻¹, huenda umegeuza sehemu: 8 ÷ 5 ni 1.6, na hakuna saini inayozidi 1, maana hipotenusi ndiyo ndefu kuliko pande zote. Tanjenti haina ulinzi huo. Ukiigeuza itakupa 57.99° bila kulalamika, na hiyo ni pembe ya pili. Njia ya kujikagua ni rahisi: upande mfupi hutazamwa na pembe ndogo.

Hiyo ⁻¹ si kipeo. tan⁻¹(0.625) si 1 ÷ tan(0.625). Ukigawanya hivyo kwa nyuzi utapata kama 91.67, na pembetatu mraba haina nafasi ya pembe hiyo.

Jambo linalosahaulika sana ni usahihi wa vipimo vyenyewe. Hipotenusi ikiwa 10 na upande mkabala 9.90, pembe ni 81.89°. Upande huo ukiwa 9.95, pembe inaruka hadi 84.27°. Kosa la 0.05 tu limeisogeza zaidi ya nyuzi 2! Kosa hilohilo kwenye upande wa 1.00, ukawa 1.05, linaisogeza pembe kutoka 5.74° hadi 6.03° tu. Saini ikikaribia 1 hubadilika polepole mno, kwa hiyo kinyume chake kinakuza kila kosa. Pembe ikiwa karibu na 90°, pima ule upande mfupi kwa rula yenyewe, usiukokotoe kutoka kwenye hizo mbili ndefu, kisha utumie cos⁻¹ au tan⁻¹.