Ukoo wa walowezi wa Marekani: yanayosimuliwa na yaliyoandikwa

"Babu alipewa shamba bure."
Sheria ya mashamba ya walowezi, iliyosainiwa na Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilitoa ekari 160 kwa masharti. Mwombaji awe na miaka 21 au awe mkuu wa kaya, awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia, alipe ada, ajenge nyumba, kisha aishi na kulima hapo miaka mitano. Mwishoni alileta mashahidi wawili. Ushahidi huo ndio hazina ya mtafiti: majirani wanaeleza nyumba ilivyojengwa, kisima, ekari zilizolimwa, watoto, hata miezi ambayo familia haikuonekana shambani. Mhamiaji aliambatisha karatasi zake za uraia.

Wala nchi haikuwa tupu. Kwa mfano Wapawnee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia, waliachia sehemu kubwa ya ardhi yao ya Nebraska kwa mkataba wa 1857. Anayeandika historia ya ukoo huko bila kuusoma mkataba huo ameanzia katikati.

"Nikishapata hati ya umiliki, nimemaliza."
Hati ni ukurasa mmoja: jina, tarehe, mahali shamba lilipo. Jalada zima la maombi, lenye ushahidi ule, liko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Kwanza tafuta hati kwenye tovuti ya kumbukumbu za ardhi ya serikali ya shirikisho; nakili jina la ofisi ya ardhi, namba ya hati, na seksheni, taunishipu na renji, yaani vipande vya upimaji vinavyoonyesha shamba lilipo. Kwa hati za kabla ya Julai 1908 huwezi kuagiza jalada bila jina la ofisi hiyo.

Herufi moja ikikosewa, umepotea. Kansas na Nebraska hupimwa kutoka mstari mmoja, ambao ndio mpaka wao. Taunishipu 3 Kaskazini iko Nebraska. 3 Kusini iko Kansas.

"Hayumo kwenye orodha, basi hakuwahi kuomba shamba."
Orodha ya hati ina waliofaulu tu. Wengi walishindwa na ukame, nzige au madeni, wakaondoka. Maombi yao yaliyofutwa yamo katika vitabu vya ofisi za ardhi vilivyopangwa kwa eneo, si kwa jina, kwa hiyo lazima ujue walau wilaya aliyoishi. Ukipata namba hapo, jalada lake nalo huagizwa, na mara nyingine humo ndimo anamoeleza kwa nini aliondoka.

"Wanawake hawakumiliki."
Mjane na mwanamke asiyeolewa waliruhusiwa tangu mwanzo. Asiyeolewa mtafute kwa jina lake la usichana; mjane, kwa kawaida kwa jina la mumewe.

"Jina letu lilibadilishwa Ellis Island."
Makarani wa pale, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, walifuata orodha ya abiria iliyoandaliwa bandari ya kuondokea. Majina yalibadilika baadaye, shuleni, kazini, mahakamani. Tena kituo kilifunguliwa 1892. Aliyefika Nebraska mwaka 1873 hakupita huko.

"Sensa ya 1890 iliungua, hakuna la kufanya."
Moto wa Januari 1921 uliiharibu vibaya, na hapo ndipo miti mingi ya ukoo hukatika. Lakini zipo sensa za majimbo: Nebraska ilihesabu watu mwaka 1885. Kansas 1885 na 1895. Kama babu alipigania Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, angalia pia orodha ya askari wastaafu ya 1890: ile ya Kansas imepotea, ila ya Nebraska ipo.