Kutimiza Sarbanes-Oxley si sawa na kuongoza kwa maadili

Nimesoma mara nyingi mno kwamba kampuni fulani "ina uongozi wa kimaadili kwa kuwa inatimiza Sarbanes-Oxley". Sivyo. Sarbanes-Oxley ni sheria ya Marekani iliyotiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 30 Julai 2002, na inabeba majina ya Seneta Paul Sarbanes na Mbunge Michael Oxley. Inahusu hasa kampuni zinazouza hisa kwa umma, na shabaha yake ni kumlinda mwekezaji asidanganywe kwa hesabu za kupikwa. Uongozi wa kimaadili ni kiongozi kukataa lililo baya hata pale sheria inapomruhusu kulifanya.

Wanaochanganya mambo haya hukimbilia kifungu cha 406, wakidai kinalazimisha kila kampuni kuwa na kanuni za maadili. Hebu kisomeni vizuri. Kinaitaka kampuni iseme kama inazo kanuni hizo kwa maofisa wake wakuu wa fedha, na kama haina, ieleze kwa nini. Basi. Kampuni ikitamka wazi kwamba haina na ikatoa sababu, haijakivunja kifungu hicho. Waliokuja kuzidai kanuni zenyewe ni masoko ya hisa, kama lile la New York na Nasdaq, kwa kampuni zilizoorodheshwa kwao.

Na hata kuwa nazo hakutoshi. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001, ilikuwa na kitabu cha maadili chenye kurasa 64, na mgongano wa maslahi ulikatazwa humo. Lakini mwaka 1999 bodi yake iliziweka kanuni hizo kando ili mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe ubia wa LJM, uliofanya biashara na Enron hiyohiyo. Mtu aliyetakiwa kuitetea Enron kwenye bei ndiye aliyenufaika ikipunjwa. Alijipatia zaidi ya dola milioni 30. Linaloniuma ni kwamba ruhusa ile haikutolewa uchochoroni. Ilipitishwa kikaoni, na wajumbe walijua kuna mgongano.

Kifungu cha 406 sasa kinataka mabadiliko au misamaha ya aina hiyo itangazwe upesi. Itangazwe, hakijasema isitolewe.

Saini nayo ina mipaka. Chini ya sheria hiyo, mkurugenzi mtendaji na mkuu wa fedha huthibitisha taarifa za fedha kwa saini zao, na anayethibitisha uongo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Adhabu hiyo ni kali, na inastahili. Ila inahusu ukweli wa taarifa, haipimi kama uamuzi ulioripotiwa humo ulikuwa wa haki.

Kwa hiyo, ripoti ikikwambia kampuni imetimiza Sarbanes-Oxley, umeelezwa habari za saini, ukaguzi na udhibiti wa ndani. Ukitaka kujua habari za uongozi, uliza bodi imewahi kumsamehe nani kanuni zake, na ni mjumbe gani aliyepinga.