Kompyuta ya Linux Imeganda Baada ya Kuwekewa Kadi Mpya ya Grafiki: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Diski imekufa." Nenda kwenye vibanda vya kompyuta vya Wandegeya, hapa Kampala, na mashine iliyokwama kwenye skrini nyeusi yenye mstari mmoja, /dev/sda2: clean, ukifuatwa na tarakimu za mafaili na bloku, na hukumu hiyo hutaikosa. Fundi ameona sda, anajua sda ni diski, kesi imekwisha. Kumbe mstari huo unasema kinyume kabisa: Linux, mfumo endeshi wa mashine yako, imeiangalia sehemu hiyo ya diski na kukuta mpangilio wa mafaili uko salama. Mara nyingi hiyo huwa ndiyo ripoti ya mwisho kuonekana kabla ya skrini kukabidhiwa draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, na hapo kwenye makabidhiano ndipo mambo yalipokwama. Anayenunua diski mpya kwa sababu ya mstari huo amechezea shilingi zake.

Hata hilo neno "imeganda" husemwa haraka mno. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kerneli, yaani kiini cha Linux, iko hai na kilichopotea ni picha tu. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, huenda ukaulizwa jina na nywila kwa maandishi matupu, na ukishaingia hapo unaweza kutengeneza karibu kila kitu. Taa ikipepesa yenyewe bila kuguswa, kerneli imeanguka. Na mashine ikizima au kukwama kabla hata ya menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kitakachowashwa, iache Linux kwanza, angalia umeme. Tundu la kadi kwenye ubao mama linatoa wati 75 tu, na vile vikompyuta vyembamba vilivyotoka maofisini vina pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa.

Halafu wapo wa "fomati, weka upya". Faili la kusakinisha Ubuntu 24.04, toleo la Linux linalotumika sana, linakaribia GB 6, na bando unalijua bei yake. Ukimaliza kulipakua, utaweka draiva ile ile juu ya kadi ile ile, na utakwama pale pale. Njia fupi ni kushikilia Shift wakati mashine inawaka (zenye UEFI, mfumo wa kisasa wa kuwashia mashine, hutaka Esc), uchague "Advanced options for Ubuntu", kisha kerneli ya zamani, kwa kuwa Ubuntu haiifuti mara tu mpya inapoingia. Ikiwaka vizuri, inawezekana sana draiva haikuundwa kwa ajili ya kerneli mpya. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, na kwetu Kampala hilo si ajabu, kazi hiyo huachwa nusu. Amri ya sudo dpkg --configure -a huimalizia.

Kerneli ya zamani nayo ikigoma, rudi GRUB, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa quiet splash, andika nomodeset, kisha Ctrl+X. Hapa ndipo ilipozaliwa dhana nyingine, kwamba nomodeset ni dawa. Ni mkongojo. Inaizuia kerneli isipange skrini kupitia draiva ya kadi, kwa hiyo utaingia, lakini picha itakuwa pana na nzito, na prosesa ndiyo itakayobeba kazi ya kuichora. Anayeiacha humo moja kwa moja alinunua kadi ya nini? Itumie kuingilia tu, kisha usome kilichotokea safari iliyopita kwa amri hii: journalctl -b -1 -p err. Kama umewasha mara kadhaa tangu ilipokwama, weka -2 au -3.

"Draiva mpya kabisa ndiyo bora." Kwa kadi za NVIDIA, hapana. GT 710, kadi ya bei nafuu ambayo wengi huanza nayo, ni ya kizazi cha Kepler, na mfululizo wa mwisho wa draiva kuitambua ni 470. Ukiilazimishia mpya zaidi, draiva haitaiona kadi kabisa. Kupakua faili la .run kwenye tovuti ya NVIDIA pia ni kujitafutia kazi, maana kerneli inayofuata huweza kuivunja draiva hiyo. Safisha kwa sudo apt purge '^nvidia-.*', uliza ubuntu-drivers devices inapendekeza ipi, kisha sudo ubuntu-drivers install. Mwenye kadi ya AMD hana haja ya kupakua draiva popote: draiva yake, amdgpu, imo ndani ya kerneli. Kadi yake ikiwa mpya mno, asasishe kerneli na kifurushi cha linux-firmware.

La mwisho linawapata hata wenye uzoefu. Baada ya kuweka draiva ya NVIDIA na kuwasha upya hutokea skrini ya buluu yenye maneno machache, na wengi hudhani ni hitilafu, wakabonyeza "Continue boot" wapite. Hiyo ni Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizo na sahihi inayoaminika wakati wa kuwaka, ikiuliza kama unaikubali sahihi ya draiva. Ukipita bila kujibu, draiva hukataliwa kimyakimya. Hakikisha kwa mokutil --sb-state. Ikijibu enabled, andika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, tunga nywila, washa upya, na safari hii chagua "Enroll MOK" (kuusajili ufunguo wa sahihi hiyo) na uandike nywila hiyo hiyo.