Hesabu hadi 6 kabla ya kuniambia "yatang'oka tu"

"Daktari, si meno ya utoto haya? Yatang'oka tu." Utaisikia Mwanjelwa, utaisikia Tukuyu, utaisikia Makambako, na mara nyingi husemwa mtoto akiwa ameshavimba shavu. Leo sitaijibu kwa upole.

Yatang'oka lini? Watu wanaona meno ya mbele yanalegea mtoto akifika miaka 6 au 7, wanadhani kinywa kizima kinafuata ratiba hiyo. Magego ya utoto yana ratiba yake: la kwanza hung'oka kati ya miaka 9 na 11, la pili kati ya 10 na 12. Mtoto wa miaka 4 mwenye gego lililotoboka atalitafunia miaka 5 au zaidi. Mtu mzima jino likimuuma siku 2 tu, nyumba nzima haikaliki.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni jino la 6.

Mlaze mtoto kichwa mapajani pako karibu na dirisha, au washa tochi ya simu. Anzia katikati ya meno ya mbele ya chini, hesabu kurudi nyuma upande mmoja. La 1 na la 2 ni meno ya mbele, la 3 chonge, la 4 na la 5 magego ya utoto. Ya utoto yameishia hapo: 5 kila upande, juu na chini, jumla 20. Ukikuta la 6, hilo ni gego la ukubwani. Huota kwenye miaka 6 hivi, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hakuna jino lililotupwa juu ya bati, kwa hiyo hakuna mtu nyumbani aliyejua kuna mgeni. Wanaliita la utoto. Linatoboka halijamaliza hata miaka 2 kinywani, na wimbo ni uleule. Hilo haling'oki lenyewe. Likitoka ni kwa koleo, na nyuma yake haliji lingine.

Mbona linawahi kuoza? Kwa sababu linapanda polepole, wakati mwingine mwaka mzima na zaidi, kabla ya kukutana na mwenzake wa juu. Muda wote huo liko chini ya usawa wa jirani yake, nusu limefunikwa na nyama ya fizi, na mifereji yake imejaa mabaki ya chakula. Mswaki wa kwenda mbele na nyuma unaishia juu ya jino la 5, la 6 unaliruka. Uingize mswaki kutokea pembeni, kwenye kona ya mdomo, kichwa chake kikingame na mstari wa meno, kisha sugua jino hilo peke yake mara 10 hivi. Afanye mzazi. Mtoto anaweza kuwa anaandika jina lake vizuri na bado hawezi kazi hii. Mpaka miaka 7 au 8 mkono wake ni wa kusaidiwa.

Na hata hayo ya utoto yana kazi ambayo watu hawaifikirii. Ukiling'oa la 5 mapema, gego la 6 linasogea mbele na kukalia nafasi, halafu jino la ukubwani lililokuwa linasubiri chini linakosa mlango. Usaha ukikaa muda mrefu kwenye mizizi ya gego la utoto, unaweza kuliharibu jino linaloundwa chini yake, likaja kuota na baka la kahawia. Ndiyo sababu ile ile inayonifanya nichukie habari za "meno ya plastiki": watu huamini ndiyo yanayomharisha mtoto, kumbe kinachochokolewa kwenye fizi yake ni jino changa, na kuharisha kunabaki palepale.

Sukari sasa, kwa haraka. Hakuna mdudu anayetoboa jino. Bakteria kwenye ukoga wanakula sukari, wanatoa tindikali, tindikali inanyonya madini ya jino. Mate huyarudisha, lakini yanahitaji muda, nusu saa hivi au zaidi. Kwa hiyo hesabu mara, usihesabu vijiko tu. Kikombe kimoja cha chai ya vijiko 3, kikanywewa kikaisha, ni shambulio moja. Chupa ya chai ya maziwa anayozunguka nayo mtoto kwa sababu ya baridi ya Julai, funda moja sasa na jingine baadaye mpaka mchana, ni shambulio lisilokatika. Kulala nayo ni vibaya zaidi, kwani usiku mate hupungua. Na tafadhali msiniambie togwa haina sukari. Kimea kimeshageuza wanga kuwa sukari, na ule uchachu ni tindikali.

Kuhusu kunyonya usiku, vitabu vinaandika kwa uhakika kuliko nilionao mimi. Chini ya mwaka 1 simwambii mama aache. Baada ya hapo, mtoto anayenyonya usiku kucha ana hatari kubwa zaidi, ila huwa anakula pia biskuti na uji wa sukari, na kujua kosa ni la kunyonya au la sukari si rahisi. Nasema tu: afutwe meno kabla ya kulala.

Kila mwezi inua mdomo wa juu. Mstari mweupe kama chaki kando ya fizi ndio mwanzo, na hapo bado jino linarudi kwa floridi, madini ya kwenye dawa ya meno yanayoliimarisha jino. Usijifariji kwamba meno ya mbele ya chini ni mazima, hayo yanalindwa na ulimi na mate. Dawa ya meno iwe na floridi ya ppm (kipimo chake) 1000 au zaidi. Imeandikwa kwenye boksi, soma, maana baadhi ya za watoto zina nusu ya hapo. Chini ya miaka 3 paka kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Asubuhi na kabla ya kulala. Ateme, asisukutue na maji. Mkaa na chumvi havina floridi.

Tundu likishakuwepo, si lazima mashine. Njia ya kukwangua kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji inayotoa floridi ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kwa tundu la juu ya gego inadumu vizuri. Kwa tundu la kati ya magego mawili, nakiri, nyingi zinadondoka. Ipo pia dawa ya fedha na floridi ya kupaka: inasimamisha uozo na kuacha jino jeusi tii. Wazazi wengi wanakataa rangi hiyo kwenye meno ya mbele, na siwalaumu. Amoksilini ya duka la dawa hupunguza uvimbe, tundu linabaki.

Ila jino la 4, mtoto ana miaka 10, haliumi, fizi haina kijipu, na ukilisukuma kwa kidole linacheza: hilo sawa, litang'oka tu.