Shilingi nane za kikoba

"Mwanangu, hizi shilingi nane umezitoa wapi?"

Nilikuwa nimeshampa shikamoo mweka hazina, nimefungua kompyuta, nimekaa mkao wa kusifiwa. Kazi yangu ni kuandika programu za malipo, na kikoba cha mtaani kwetu kiliniomba niwatengenezee kitu kidogo cha kugawa faida ya mwaka. Wanachama 17, hisa sawa kwa sawa, faida shilingi 1,000,000. Programu ikagawa, ikapata 58,823.529 na mkia usiokwisha, ikapandisha hadi shilingi nzima iliyo karibu: kila mtu 58,824. Mama yule akavuta kikokotoo chake, akazidisha mara 17, kikaandika 1,000,008. Kwenye sanduku lenye kufuli tatu hakukuwa na milioni moja na nane. Kulikuwa na milioni.

Nikaanza kumweleza mambo ya desimali. Akanikatiza: "Pesa haziendi hivyo. Pesa zinahesabiwa."

Kosa nililirekebisha jioni ileile. Sentensi yake ndiyo iliyonikaa kichwani. Ni kweli pesa zinahesabiwa?

Jaribu kuzihesabu bila kutaja shilingi, dola wala noti. Nina vitabu vitatu, sawa. Nina kuku watano, sawa. Nina pesa saba. Hapo msikilizaji anakusubiri umalizie. Pesa saba nini? Neno linagoma kubeba namba, kama maji yanavyogoma. Maji saba? Labda ndoo saba, labda chupa. (Dukani utasikia "umechukua maji mangapi?", lakini kinachohesabiwa pale ni chupa, kila mtu anajua.)

Basi pesa ni kama maji. Ila swali "pesa ngapi?" ni Kiswahili safi, tunaliuliza kila siku, na *-ngapi* ni kiulizi cha vitu vyenye idadi. Sukari huulizwi ngapi, unaulizwa kiasi gani. Pesa zinapokea maswali yote mawili bila kulalamika: kiasi gani, ngapi. Ajabu yake ni kwamba zinakubali kuulizwa idadi, kisha zinakataa kujibiwa kwa idadi. Ukiulizwa "vitabu vingapi?" unajibu "vitatu". Ukiulizwa "pesa ngapi?" lazima uhame neno: "shilingi mia tano". Sijui neno lingine la kila siku linalocheza hivi waziwazi.

Endelea kulipima. Kwa Kiswahili cha huku kwetu, watu ni *wachache*, maji ni *kidogo*. Huwezi kubadilisha: maji machache yanachekesha. Pesa? Pesa chache, pesa kidogo, zote sawa. Sasa tazama upatanisho wa kisarufi. Sukari ni *yangu* tu, hata ikiwa gunia zima. Sahani ikiwa moja ni *yangu*, zikiwa nyingi ni *zangu*. Pesa utasikia "pesa yangu imeliwa" na "pesa zangu zimeliwa" kwa mtu yuleyule, ndani ya ugomvi uleule, na wala hazungumzii noti moja kisha noti nyingi. Akisema *yangu* anaiona kama kitu kimoja kilichomiminwa. Akisema *zangu* anaziona zikipita moja moja mkononi mwa aliyemdhulumu. Mama wa kikoba, kumbuka, alisema "zinahesabiwa". Sidhani kama alichagua *zi-* kwa bahati.

Kwa nini pesa ziko katikati hivi? Nadhani ni historia. Pesa ilikuwa sarafu kabla haijawa jina la jumla. Neno lilitoka India, *paisa*, likapita Bahari ya Hindi na biashara. Sultani Barghash alitoa pesa zake za shaba Zanzibar. Mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki nayo ikatoa pesa, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Mtu wa wakati ule alikuwa na kila haki ya kusema "pesa saba": ni vipande saba vya shaba, hivi hapa. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadilisha, rupia ikawa na heller 100, na mwaka 1916 vita vilipowabana wakawa wanagonga sarafu Tabora. Heller ndiyo *hela* tunayoitumia Tanzania hadi leo. Sarafu zote mbili zilikufa. Maneno yakabaki, yakapoteza kipande chake cha shaba lakini hayakupoteza tabia ya kuwa na vipande. Kule Omani neno lile lile halijastaafu hata kidogo: riali moja ni baisa 1,000, na baisa ni ndugu wa damu wa pesa yetu. Anayefanya kazi Muscat anaweza kusema "baisa mia" na asiulizwe baisa mia nini.

*Fedha* ilikuja kwa njia nyingine. Asili yake ni madini, yale meupe ya bangili. Haikuwahi kuwa na kipande kimoja cha kuhesabu, na huenda ndiyo maana imekaa vizuri kwenye majina makubwa: Wizara ya Fedha, mwaka wa fedha, sera ya fedha. Hakuna anayetaka Wizara ya Hela.

Mtaani watu wamejitengenezea vipande vipya. *Jero* ni mia tano, *buku* ni elfu, na vyote vinakubali namba moja kwa moja: buku tatu, jero mbili. Hata viambishi vinafanya kazi hiyo. *Mapesa* ni lundo. *Vijisenti* ni chembe za kudharaulika, ingawa mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania aliliambatisha neno hilo kwenye zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa nje ya nchi, na tangu hapo halijawahi kusemwa bila mtu kutabasamu.

Sasa hesabu. Wanahisabati nao wana neno *kuhesabika*, na hapa ndipo wengi tunapochanganyikiwa, kwa sababu halina uhusiano na swali la mwanaisimu. Mwanaisimu anauliza: je, kipo kimoja? Mwanahisabati anauliza: je, vitu hivi vinaweza kupangwa foleni, huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu, pasiachwe mtu hata kama foleni haina mwisho? Viwango vyote vya pesa kwa senti vinapangika: senti moja, mbili, tatu, endelea. Cha kushangaza, sehemu zote zinapangika pia, 1/2, 1/3, 2/3, 1/4, ukiwa na mpango mzuri. Lakini Georg Cantor wa Ujerumani alionyesha mwaka 1874 kwamba namba halisi, yaani kila urefu unaoweza kuuwazia kwenye mstari, hazipangiki. Uthibitisho wake maarufu ni wa mwaka 1891, na unaingia kwenye karatasi ya kufungia karanga. Tuseme umeniletea orodha ya desimali zote kati ya 0 na 1. Nachukua tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, naibadilisha. Ya pili ya namba ya pili, naibadilisha. Ya tatu ya namba ya tatu, hivyo hivyo. Namba ninayoipata inatofautiana na kila namba kwenye orodha yako angalau mahali pamoja. Haimo. Leta orodha nyingine, nitafanya tena.

Nilidhani hapo nimempata mama yule: anataka pesa ziwe za kuhesabika, na hisabati inasema zinahesabika. Nilikosea. Milioni moja gawanya kwa 17 ni sehemu, na sehemu ziko ndani ya foleni ya Cantor, zinahesabika bila ubishi. Ila huwezi kumpa mtu. Kati ya sehemu yoyote na nyingine daima kuna ya tatu, hivyo hakuna "inayofuata". Mweka hazina anataka kitu kikali zaidi ya kuhesabika. Anataka punje: moja, kisha inayofuata, na katikati hewa tupu.

Mchele ndio mfano wangu. Sarufi inauchukulia kama kitu cha kupima, tunaununua kwa kilo, lakini kila mtu anajua chini kabisa kuna punje, na punje haikatwi. Pesa ni mchele. Tofauti ni kwamba ukubwa wa punje ya pesa unaamuliwa na watu, na unabadilika kila unapovuka mpaka. Sisi waandishi wa programu tuna orodha ya kimataifa, ISO 4217, inayosema kila sarafu ina tarakimu ngapi baada ya nukta. Shilingi ya Tanzania na ya Kenya, mbili. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na ya Burundi, sifuri. Riali ya Omani, tatu. Ukiandika mfumo kwa mazoea ya Nairobi ukaupeleka Muscat, utawaibia watu baisa na hutajua.

Zamani punje haikuwa lazima iwe ya kumi kumi. *Thumuni* tunaijua kama senti hamsini, lakini Kiarabu chake ni "sehemu ya nane", na ilitokana na kuigawa riale, dola ya fedha ya wakati ule, kwa nane. Aliyesoma mirathi ya Kiislamu analijua neno hilo kwa upande wa pili: mjane mwenye watoto hupata thumuni ya alichoacha mumewe. Na sio sisi tu. Soko la hisa la New York lilikuwa likitaja bei kwa sehemu za nane za dola, desturi inayorudishwa kwenye dola ya Kihispania iliyogawanywa vipande nane, hadi mwaka 1997 walipoingia sehemu za kumi na sita, na mwaka 2001 ndipo wakahamia senti. Nane ina raha yake: ni nusu ya nusu ya nusu, huhitaji kalamu.

Wakati huohuo, wataalamu wa hesabu za fedha wanazimimina kama maji. Jacob Bernoulli mwaka 1683 aliuliza shilingi moja (yake haikuwa shilingi, lakini hesabu ni ileile) kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka itakuwa ngapi riba ikiongezwa mara nyingi zaidi. Mara moja: 2. Mara mbili: 2.25. Kila mwezi: 2.61. Kila siku: 2.71. Hata kila sekunde, haipiti 2.71828 na mkia wake. Tangu hapo vitabu vimejaa pesa zinazokua mfululizo bila kuruka, na ni hisabati nzuri sana. Hakuna ubaya kukokotoa kwenye maji mradi ukumbuke kurudi kwenye punje, na uamue nani anabaki na chenga.

Huko ndiko sisi tunakoangukia. Kompyuta ukiiambia itunze shilingi kama desimali za kawaida, inakadiria kwa siri. Iulize 0.1 jumlisha 0.2, itakupa 0.30000000000000004, maana 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa mfumo wa mbili (ule wa 0 na 1 tu) kama vile 1/3 haiandikiki kikamilifu kwa mfumo wa kumi. Chenga ndogo? Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei za hisa Januari 1982 kwa pointi 1,000. Kilikuwa kikikokotolewa upya maelfu ya mara kwa siku, na kila mara tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta zilikatwa na kutupwa. Mwishoni mwa Novemba 1983 kilisomeka karibu 525. Waliporudia hesabu sawasawa, kilitakiwa kuwa karibu 1,099. Nusu ya soko ilikuwa imeliwa na mkasi.

Kwa hiyo kanuni ninayowafundisha vijana ofisini: tunza namba nzima za punje ndogo kabisa, na usigawanye kwa kupandisha. Gawa kwa kushusha, kisha hesabu kilichobaki. Milioni kwa watu 17 ni 58,823 kila mmoja, inabaki 9, basi watu tisa wanaongezewa shilingi moja moja. Tisa kwa 58,824 na nane kwa 58,823, jumla milioni kamili.

Nikarudi kwa mama na jibu hilo nikiwa nimevimba kichwa. Akalisoma, akanitazama kwa huruma. "Shilingi moja moja hizo nitazitoa wapi?" Kwenye sanduku lake sarafu ndogo ni hamsini. Orodha ya kimataifa inasema senti, mimi nikasema shilingi, na punje yenyewe ilikuwa hamsini tangu mwanzo.

Tukaanza upya. Kila mtu 58,800. Akatandika noti, akapanga marundo 17, kisha akamwaga mezani kilichobaki.

"Zimebaki hamsini nane," akasema.

Nikaandika 58. Akacheka hadi akashika meza. Hamsini *na* nane ndiyo 58. Yeye alikuwa na hamsini nane, sarafu nane za hamsini, shilingi 400. Kwa Kiswahili ukisema *na* unajumlisha, ukiiacha unazidisha, na mimi ndiye mtaalamu wa hesabu pale.

Watu nane wangeweza kupata hamsini moja moja, na nilianza kupendekeza wapigiwe kura. Hakuna aliyetaka. Zikawekwa kwenye mfuko wa jamii, na kwenye daftari akaandika kwa kalamu nyekundu: *zilizobaki, 8*.

Hakuandika nane nini.