Kipanga, kilaza na mizani tunayopimia

Karibu kila darasa lina kipanga wake na kilaza wake. Watoto hupeana majina hayo wenyewe, ila chanzo ni karatasi iliyobandikwa ukutani: wa 1 kati ya 90, wa 90 kati ya 90. Mzazi akishaisoma anatangaza nyumbani, "Huyu ana akili, mwenzake hana." Mimi kama mwanasaikolojia wa elimu huuliza: akili ipi?

Usenge ni kijiji cha Wajaluo kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa huko, wa miaka 12 hadi 15, na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Kwanza waliwapima ujuzi wa mitishamba: ugonjwa huu unatibiwa kwa dawa gani, kwa kiasi gani. Mahali penye malaria na minyoo, ujuzi huo si mapambo. Kisha wakawapima msamiati, wa Kiingereza na wa Kijaluo. Ungedhani anayejua hili atajua na lile. Wapi! Waliozijua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati. Maelezo ya watafiti ni kwamba familia nyingine huweka tumaini lao shuleni, nyingine humwandaa mtoto kwa maisha ya kijijini, na saa za mtoto ni zile zile.

Wajaluo wenyewe wana maneno manne kwa kile tunachokiita akili. Rieko ni maarifa, yakiwemo ya darasani. Luoro ni heshima na uwajibikaji. Paro ni fikra na kuthubutu kuanza jambo. Winjo ni kuelewa namna ya kukabili matatizo ya maisha. Ripoti ya shule hupima kipande cha rieko, basi. Nasi Waswahili tunalijua hilo, maana mtoto anayewapita wakubwa bila salamu tunamwambia hana akili, hata kama ndiye wa kwanza darasani.

Sisemi tofauti hazipo. Wapo wanaoshika jambo haraka na wanaohitaji kurudiwa mara tano, na wapo wenye ulemavu wa akili wanaohitaji msaada maisha yote. Lakini kipimo cha akili cha mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet, Paris, 1905, kiliundwa ili kuwatambua watoto wa kusaidiwa, na yeye mwenyewe aliwapinga waliodai akili haiongezeki. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa akili mwaka 1998 waliwazidi kwa mbali wenzao wa umri ule ule waliopimwa 1984. Damu haibadiliki kwa miaka 14. Lishe na elimu ya wazazi hubadilika.

Kwa hiyo kabla hujamwita mtoto kilaza, mpeleke akapimwe macho na masikio. Chunguza pia kama huduwaa sekunde chache, asiitike, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Huenda ni aina ya kifafa, na kina dawa. Mwalimu huandika: "Hasikilizi."